Kutoka Kilosa hadi Tukuyu: safari ya kuwaamkia waandishi wa wilayani

Alhamisi: Dar es Salaam – Kilosa

Kazi yangu ni kupokea habari za mikoani. Simu inaita, upande wa pili kuna upepo na honi ya pikipiki, na mtu ananisomea habari kutoka kwenye daftari kwa sababu mtandao umekata. Sauti zao nazijua vizuri, hata nikisikia kikohozi tu najua ni nani. Nyuso zao nyingi sijawahi kuziona.

Safari hii ni ya kuwafuata walipo. Nimechukua likizo yangu na nauli yangu: nianzie Kilosa, nipande Iringa, nisimame Nyololo, nipite Makete, niishie Tukuyu. Tasnia yetu ina mazoea ya kumsifu mwandishi wa wilayani akiwa ndani ya jeneza. Nataka kuwashika mkono wakiwa wazima.

Treni ya SGR imefanya njia iwe fupi. Zamani kufika Kilosa kutoka Dar ilikuwa shughuli ya siku nzima, basi hadi Morogoro, kisha gari jingine, kisha vumbi. Leo nimeshuka jua likiwa bado kali. Mwenyeji wangu, kijana anayeandikia magazeti na kutangaza redioni, alikuwa ananingoja na pikipiki yake. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba, kisha nikamwambia kwamba leo mimi ndiye niliyekuja kumwamkia yeye.

Kabla ya kunipeleka nyumba ya wageni alinipitisha mtoni. Mkondoa ulikuwa umetulia, maji ya rangi ya udongo, watoto wanavuka. Ukiutazama hivyo huwezi kuamini ulichokifanya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, ulipovunja tuta lake na kuingia mjini. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika. Kila mtu hapa mwenye umri wa kukumbuka anakumbuka alikuwa wapi usiku ule.

Nikamuuliza mama mmoja anayeuza mchele kando ya barabara kama anasikiliza utabiri wa hali ya hewa. Anausikia, alisema, ila redio ya taifa inamwambia mvua kubwa itanyesha mkoa wa Morogoro, na mkoa wa Morogoro ni mkubwa. Anachotaka kujua ni kama maji yamepanda pale darajani, na saa ngapi. Hilo huambiwa na Radio Jamii Kilosa, na mtu anayelisema yeye anamjua na kwake anapajua.

Ijumaa: Kilosa

Siku ya leo naiandika kirefu kwa sababu nimejifunza kazi ambayo nilidhani naijua.

Tumetoka asubuhi kwenda vijiji vya upande wa Rudewa. Jina hilo kwa watu wa habari lina uzito: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Tangu wakati huo ugomvi wa malisho na mashamba haujaisha katika wilaya hii. Hupoa, huwaka. Magazeti ya Dar hufika unapowaka.

Njiani mwenyeji wangu alinieleza jinsi anavyofanya kazi yake. Ng'ombe wakiingia shambani anapigiwa simu na pande zote mbili, kila upande unataka habari iende hewani sasa hivi, kwa maneno yake. Yeye haendi hewani. Anawasha pikipiki. Anafika shambani, anaangalia nyayo, anahesabu matuta yaliyoliwa. Anazungumza na mwenye shamba, na mwenye mifugo, na mwenyekiti wa kijiji, na kama kuna afisa mifugo anamtafuta na huyo. Kabila la mtu halitaji. Haandiki kwamba wafugaji wamevamia, wala kwamba wakulima wamejichukulia sheria mkononi. Anasema ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi, eneo fulani, hasara inapimwa, kikao kinakaa leo saa nane. Saa ya kikao huirudia mara mbili, ili mwenye hasira ajue kuna mahali pa kuipeleka.

"Nikisema wamevamia, mama, kabla taarifa haijaisha watu wameshachukua panga na mikuki."

Jirani zetu wa Rwanda walioneshwa mwaka 1994, kupitia RTLM, kituo kilichochochea mauaji ya kimbari, redio inaweza kufanya nini katika mikono ya watu wabaya. Kijana huyu alikuwa hajazaliwa. Lakini ananunua maziwa kwa mfugaji na mchele kwa mkulima, na gulioni anakutana nao wote wawili. Mimi nikikosea neno moja, kesho yake nachapisha masahihisho ukurasa wa pili na maisha yanaendelea. Yeye hukutana na neno lake uso kwa uso.

Tulikaa chini ya mwembe na wazee wa kijiji. Mmoja alitusimulia mgogoro wa msimu uliopita ulioishia kwenye kikao, fidia ikalipwa, watu wakarudi makwao. Nikamtazama mwenyeji wangu: mbona habari hii hukunitumia? Akacheka. Alinitumia. Haikupata nafasi.

Hapa ndipo penye jambo linalonikaa rohoni. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Hana mkataba, hana bima, mafuta ya pikipiki ni yake. Watu wakipigana na kufa, habari inakwenda ukurasa wa mbele na yeye anapata malipo. Wasipopigana kwa sababu yeye alisema maneno yaliyopimwa saa mbili asubuhi, hakuna habari, hakuna malipo. Kazi yake bora kuliko zote ndiyo isiyomwingizia kitu. Tuzo zetu nazo hupima kilichoandikwa, na mtu kama huyu tuzo itampataje, wakati alichokifanya ni kitu kutokutokea?

Jioni nimekula wali wa Kilosa kwa mama yake, mapambano yangu na sahani yakawa makubwa. Mama huyo alinieleza kwamba mwanawe hulala na simu kifuani.

Jumamosi: Mikumi – Iringa

Gari hadi Mikumi, kisha basi la barabara kuu. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya njia. Kitonga tumepanda nyuma ya lori lililobeba makontena, polepole mno, upande mmoja ukuta wa jiwe na upande mwingine bonde.

Iringa mjini ni baridi. Jioni nimekaa na waandishi kadhaa wa hapa, wa magazeti na wa redio. Mkoa huu una bahati ya kuwa na vituo vyake, Ebony FM na Nuru FM vikiwa miongoni mwao, na una Klabu ya Waandishi wa Habari. Klabu hizi za mikoa, 28 nchi nzima chini ya muungano wao, UTPC, kwa wengi wa wasomaji ni jina tu. Kwa mwandishi asiye na mwajiri ndizo ofisi yake, meza yake, na pengine mahali pekee pa kukimbilia akikamatwa.

Mwenyekiti wa klabu hii mwaka 2012 alikuwa Daudi Mwangosi, aliyeuawa kazini mwaka huohuo kule Nyololo. Wenzake bado wanamtaja kwa cheo hicho, "mwenyekiti", kama mtu aliyetoka kidogo nje ya kikao. Niliwaambia kesho naenda Nyololo. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumapili: Nyololo

Nimechagua kufika Jumapili kwa makusudi. Septemba 2, 2012 ilikuwa Jumapili.

Kutoka Iringa unapita Ifunda, unapita Mafinga, misonobari na mikaratusi pande zote mbili, malori ya mbao yakipishana na mabasi ya Mbeya. Nyololo ni njia panda, barabara nyingine inachepuka hapo kwenda kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Nilishuka, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikamwambia mwendesha bodaboda ninachokitafuta. Alikuwa kijana mdogo, lakini alijua.

Nayaandika yaliyotokea kwa utaratibu, kwa sababu nimeona vijana wengi wa taaluma hii wanaolijua jina la Tuzo ya Daudi Mwangosi na hawamjui mtu mwenyewe. CHADEMA walikuwa wanafungua tawi. Polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya kisiasa kwa sababu kazi ya sensa ya mwaka ule ilikuwa imeongezewa siku. Waandishi walikwenda kwa sababu hiyo ndiyo kazi. Vurugu zilipoanza, mwandishi mmoja alikamatwa na kupigwa, na Mwangosi, ambaye siku hiyo alikuwa kazini kwa ajili ya televisheni ya Channel Ten na ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wenzake, aliwafuata askari kumuulizia. Wakamzunguka. Bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake likamuua papo hapo.

Tunayajua haya kwa sababu waandishi wengine waliokuwepo hawakuacha kupiga picha. Picha ile ya mtu mmoja katikati ya duara la askari wenye virungu na kofia ngumu ndiyo iliyofanya jambo hili lisiweze kukanushwa. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Katika nchi nyingi, mwandishi akiuawa hakuna anayefikishwa mahakamani kabisa. Hapa angalau mtu mmoja alifikishwa, na nadhani bila zile picha asingefikishwa.

Nilisimama pale muda. Sikuwa na sala maalumu. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kanisani, kitenge chake kimefungwa kiunoni na Biblia mkononi, alisimama kando yangu bila kuniuliza kitu, kisha akaniuliza kama ni ndugu. Nikasema tulikuwa tunafanya kazi moja. Akasema, "Pole sana, dada. Alikuja kwa ajili yetu." Mama huyu sijui chama chake na sikumuuliza.

Hapo nikamkumbuka na mwingine, ambaye kwake siwezi kwenda kusimama popote. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi kule Kibiti. Mwaka 2017, maafisa wa vijiji, askari na raia walipokuwa wanauawa Kibiti na Rufiji, yeye ndiye aliyeandika, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaishi huko. Novemba 21, 2017 aliondoka na watu waliokuwa kwenye gari, na hajaonekana tena. Habari zile zilikuwa za kitaifa, nchi nzima ilizisoma. Aliyezibeba alikuwa mtu mmoja asiye na ajira ya kudumu, aliyekuwa akilala palepale yalipokuwa yanatokea.

Tangu 2013 UTPC hutoa Tuzo ya Daudi Mwangosi, na naiheshimu kuliko tuzo nyingine zote za taaluma yetu. Lakini nikiwa Nyololo nilijiuliza mwandishi wa pale Mafinga, leo hii, akipigiwa simu kwamba kuna vurugu barabarani, ana nini mkononi zaidi ya kitambulisho. Fulana ya kumtambulisha anayo? Kuna mtu katika chumba cha habari cha Dar anayejua kwamba ametoka na atarudi saa ngapi? Hayo hayahitaji sherehe wala ukumbi. Yanahitaji mhariri mmoja aliyekaa karibu na simu, na hilo linanihusu mimi moja kwa moja.

Nimelala Njombe.

Jumatatu: Njombe – Makete

Barabara ya Makete sasa ni lami, inazunguka milima kama uzi kwenye kigurudumu. Viazi, pareto, ngano, na ukungu unaopanda kutoka mabondeni.

Ukitaka kuelewa kwa nini redio ya wilaya ni lazima, njoo huku. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima ukisimama katikati, umekwisha. Kituo cha Dar kinaweza kuwa na mitambo ya mamilioni na bado kijiji kilichoko nyuma ya ukingo kisipate hata mnong'ono. Kwa hiyo mnara mdogo uliosimikwa kwenye kilima sahihi, kama ule wa Kitulo FM, unawafikia watu ambao mnara mkubwa wa mbali hauwezi kuwafikia.

Na wana la kuambiwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 uliuonesha mkoa wa Njombe ndio unaoongoza kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Makete iliumia mapema na vibaya, kuna nyumba ambazo bibi alilea wajukuu peke yake kwa sababu kizazi cha katikati kilikwisha.

Nilikaa na muuguzi mstaafu nyumbani kwake, moto wa kuni katikati yetu. Aliniambia kwamba miaka ile neno lenyewe lilikuwa halitamkwi msibani. Watu walisema fulani amekufa kwa homa, kwa kifua, kwa kurogwa. Kilichobadilisha ni mambo mengi, dawa kwanza, lakini alisisitiza na hili: kusikia sauti ya mtu wa hapahapa, mwenye lafudhi ya hapahapa, akisema redioni kwamba anameza dawa na anapalilia viazi vyake. Bango la barabarani lina picha ya mtu wa mjini. Sauti ile ilikuwa ya mtoto wa fulani.

Mtangazaji aliyekuwa nasi, binti wa umri wa wadogo zangu, alisema tarehe za kliniki anazitangaza kila wiki na hachoki, ingawa hakuna mhariri wa mjini atakayeziita habari. Nilimwambia mimi naziita habari. Mtu anayesikia tarehe akaenda kuchukua dawa yake amepewa taarifa aliyoihitaji kwa wakati alioihitaji, na mimi sina tafsiri nyingine ya kazi yetu.

Matangazo yanayolipiwa ni machache: vifo, mikutano, kitu kilichopotea, salamu. Umeme unalipiwa, leseni inalipiwa, na wengi waliomo studioni wanajitolea. Nimewauliza wangependa kuheshimiwa vipi. Mmoja akasema betri.

Jumanne: Kitulo

Siku ya njia tu. Gari limekwama tope mara kadhaa uwanda wa Kitulo, ukungu umefunika maua yote ambayo watu husafiri mbali kuja kuyaona. Tumefika Isyonje giza limeingia, Tukuyu usiku, nimelowa hadi mifupani. Mwenye nyumba ya wageni amenipa mkaa na ndizi za kupika, Mungu ambariki.

Jumatano: Tukuyu

Rungwe imefunguka asubuhi, mlima wote uko wazi, migomba na chai hadi macho yanapokoma. Daudi Mwangosi alizikwa kwao Busoka, wilaya hii hii. Nilitaka nianze na hilo, nimeanza nalo.

Redio ya hapa inaitwa Chai FM, na jina limejieleza. Familia nyingi za wakulima wadogo zinaishi kwa majani wanayochuma kwa mikono na kuyapeleka kwenye vituo vya kupimia. Kila kitu katika maisha yao kinapita kwenye ile mizani: ada, bati, dawa. Mkulima akipunjwa kilo mbili kila anapopima, hawezi kuona upungufu wa siku moja, anauona mwisho wa mwezi na hajui aulalamikie wapi.

Nimetambulishwa kwa mwandishi ambaye sauti yake ndiyo nimeisikia muda mrefu kuliko zote. Nilimtarajia mrefu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, mwalimu kwa kusomea, aliyeanza kwa kusoma salamu za wasikilizaji. Tulikumbatiana barabarani kama ndugu waliopotezana.

Amenionesha daftari zake. Ziko kwenye sanduku la bati, zimepangwa kwa miaka: bei ya majani kila msimu, majina ya wenyeviti wa vijiji, tarehe daraja fulani lilipoahidiwa na tarehe lilipoahidiwa tena. Kiongozi akija na ahadi mpya anaifungua ile ya zamani na kumuuliza hewani, kwa heshima zote, "Mheshimiwa, na lile la mwaka juzi?" Hana kiburi wala haropoki. Anasema ukimvunjia mtu heshima atakujibu kwa hasira na hutapata jibu, ukimheshimu atajikuta ameeleza. Kumbukumbu hii ya wilaya haipo katika maktaba yoyote. Akiugua, nani ataifungua?

Nimempa zawadi nilizobeba: kinasa sauti, betri, fulana yenye maandishi makubwa mgongoni. Nimemwambia pia mambo niliyoyaamua njiani. Habari yake ikitoka, jina lake litatoka, kamili, hata kama mtu wa Dar ameongeza aya tatu. Malipo yatatumwa habari ikipokelewa na kukubaliwa, nafasi ya kuichapa ikipatikana au isipopatikana, na kwa hilo nitapigana na wakubwa wangu. Habari za mgogoro uliosuluhishwa nitazitafutia ukurasa wa kila wiki, na wa Kilosa ataanza. Na akitoka kwenda mahali pa hatari, atanitumia ujumbe, nami sitalala hadi atume wa pili.

Alisikiliza, akashukuru, akaniuliza swali moja tu: nitapigana nao kweli? Nikamwambia kweli.

Halafu akarudi kwenye kazi. Wakulima wa kijiji kimoja wamemlalamikia kwamba mizani ya kituo chao inasoma pungufu. Amekopa jiwe la kupimia la kilo kumi kutoka kwa mfanyabiashara wa mjini, lililogongwa muhuri na wakala wa vipimo, na amemwarifu msimamizi wa kituo kwamba atakuja, maana hataki kuvizia mtu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi anakwenda nalo. Nilikuwa na tiketi ya basi la alfajiri. Nimeipeleka stendi, wameibadilisha iwe ya Ijumaa, na jiwe nimemwambia nitalibeba mimi.